Punda Niliyemfunga Mdomo

Wiki iliyopita nilikuwa Handeni mjini kufuatilia karatasi za shamba. Nikiwa nje ya ofisi namsubiri karani aliyekwenda kunywa chai, punda wa mkokoteni akaletwa akasimamishwa karibu yangu, mwenye mkokoteni akaingia dukani. Sijui nilipatwa na nini. Nilinyoosha mkono nikamshika shingoni, chini ya masikio, pale penye manyoya laini na joto. Harufu ikanibaki kiganjani: jasho, vumbi, na gunia lililolowa maji. Nilinawa kwa sabuni hotelini kabla ya kula na bado ilikuwepo. Wali ulipoa mbele yangu. Mhudumu akaja kuniuliza kama mchuzi umezidi chumvi, nikamwambia mchuzi hauna neno, ni mimi tu.

Watu wa rika langu waliokulia upande wa Mazingara hawahitaji kuelezwa kiangazi ni nini. Wanajua lambo linavyopungua mpaka linabaki tope lenye nyayo za ng'ombe, halafu hata lile tope linapasuka. Hapo ndipo watu walipokuwa wakihamia korongoni kuchimba visima mchangani. Unachimba mpaka kiunoni, unaingia ndani, unachuchumaa, unasubiri maji yajikusanye uyachote kwa kata, na yakija ni kidogo na yana rangi ya chai ya maziwa. Kutoka nyumbani kwetu kwenda korongoni ilikuwa saa moja na zaidi kwa miguu ya mtu mzima. Kurudi na ndoo kichwani hakuna aliyekupimia.

Mama hakuzaliwa kwenye maisha hayo. Yeye ni Msambaa wa Vugiri, kule milimani, na baba yangu Mzigua ndiye aliyemteremsha. Alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila akitua ndoo, kwamba kwao maji ndiyo yanayomfuata mtu. Bibi, mama yake baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alimjibu kila mara kwamba hakuna aliyemfunga kamba kumleta Mazingara. Walitaniana hivyo kila siku, na utani wenyewe nusu ulikuwa kweli.

Kiangazi ninachokisema mama alikuwa na mimba. Alikuwa ameshapoteza mbili baada ya kunizaa mimi, zote zikiwa kubwa kiasi cha watu kujua, na zote wakati wa kubeba maji. Muuguzi wa zahanati akamwonya asinyanyue ndoo, hata ndogo, mpaka ajifungue. Jioni mama akamweleza baba wakiwa barazani, nami nilikuwa napembua mchele karibu yao. Sauti yake haikuwa ya kulalamika. Alisema, "Safari hii nikibeba maji, na huyu tutamzika." Mtoto wa darasa la tatu hana mahali pa kuliweka neno kama hilo. Nililimeza zima zima. Tangu siku hiyo, kila nilipoiona ngata yake, ile nguo ya kuzungusha kichwani chini ya ndoo, nilikuwa namwona mtu anazikwa.

Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la katani huko Korogwe, tambarare, na alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi kwa siku mbili tatu. Mwezi uliofuata alipokuja alituletea punda. Alikuwa amempata kwa mzee mmoja wa Kimasai mwenye boma ng'ambo ya mashamba yetu, kwa kumpa mbuzi wanne, na hao ndio walikuwa karibu mbuzi wetu wote. Baba alitusimulia huku akicheka kwamba yule mzee alitaka achukue punda wawili, eti wamekua pamoja, na yeye akamuuliza, "Mzee, unaniuzia punda au unaozesha?" Akamchukua mmoja. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na halikuwa langu, lakini naliweka mbele kwa sababu mengine yote yalitoka humo. Sisi tulikuwa wakulima. Tulimjua kuku, mbuzi na jembe. Punda tulimjua kwa methali tu.

Na methali ndizo baba alizomfundishia. Alikuwa akisema afe punda mzigo ufike, na kwa siku mbili tulimfundisha kwa mtindo huo: baba mbele anavuta kamba, mimi nyuma na fimbo. Tulimtandika gunia mgongoni, tukamfunga madumu mawili matupu ya mafuta ya kula, moja kila upande, kwa kamba ya katani aliyokuja nayo baba. Madumu yalipogongana mara ya kwanza punda akatimka nayo mpaka ndani ya mihogo ya jirani. Tukamrudisha. Akakaa chini kama mtu aliyekuja kupumzika. Baba alipomvuta zaidi, akamng'ata bega. Jirani alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba anatutazama, akasema shukrani ya punda ni mateke, tumuombe Mungu huyu aishie kwenye meno.

Asubuhi ya kuondoka, baba alichuchumaa mbele yangu, bega lake limevimba chini ya shati, akanishika mikono yote miwili. Baba hakuwa mtu wa kuchuchumalia watoto.

"Mwanaidi, mama yako asibebe maji. Punda huyu ni wako. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa, baba. Nilichoelewa ni kwamba mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama sasa alikuwa mikononi mwangu.

Wiki ya kwanza nilishindwa kabisa. Kila nikitoka shule nilikuwa namvuta, nampiga, nambembeleza, nalia. Alikuwa akifika mwisho wa shamba letu, pale njia ya korongoni inapoanza, anakita miguu minne ardhini na hapo hasogei hata ningemwashia moto. Mwishowe nilikuwa namwacha amefungwa, naenda na ndoo yangu ya lita kumi, nakwenda mara mbili, na usiku unaniangukia njiani. Lita ishirini kwa watu watatu na mbuzi wawili waliobaki. Jirani alituongezea alipoweza, lakini kila nyumba ilikuwa na kiu yake. Mama alikuwa akifunua pipa, anatazama chini, anafunika. Nilikuwa nasoma uso wake akifunika.

Aliyenisaidia alikuwa Yeyo. Yeyo ni mama kwa Kimasai, nasi sote korongoni tulimwita hivyo. Alikuwa mke wa yule yule mzee aliyetupa punda, mwanamke mrefu, na alikuwa akija kisimani na punda watatu wasio na kamba yoyote, wanamfuata kama watoto. Siku moja alirudi kwa njia inayopita mwisho wa shamba letu, akanikuta nimekaa chini nalia na punda wangu amenipa mgongo. Nikamwamkia kwa kuinamisha kichwa kama watoto wao wanavyofanya, akaniwekea kiganja utosini. Kabla hajasema neno, mmoja wa punda wake, dume mwenye mstari mweusi mabegani, akatoka njiani, akaja akaweka shingo yake juu ya shingo ya punda wangu. Wakasimama hivyo. Punda wangu akashusha pumzi ndefu, mbavu zikalegea. Sikuwahi kumwona akilegea.

Yeyo akacheka. "Hawa wamezaliwa mvua moja," akasema. "Nani alikufundisha kumvuta?"

"Baba."

"Kwetu punda ni kazi ya mama, mwanaume hajui. Punda ukimvuta anafikiri mbele kuna simba. Kaa hapa, begani. Mwende wote."

Kwa muda wa siku kama kumi alinifundisha, na mpaka leo nikitaka kumfundisha mtu kitu namfundisha kwa namna ya Yeyo. Kwanza alinitupisha fimbo. Kisha akaniambia nimfungie madumu yenye majani makavu ndani ili yasipige kelele, nitembee naye hivyo mpaka achoke kuyashangaa. Halafu maji robo, halafu nusu. Nisijaze dumu moja kwanza na jingine baadaye, kwa kuwa mzigo ukilalia upande mmoja gunia linasogea na kamba inakata ngozi, na punda aliyekatwa anakumbuka. Nimwache anywe kabla ya kumpakia, maana yeye naye amekuja na kiu yake. Kila jioni nipitishe kiganja chini ya gunia, nikikuta mahali pana joto kuliko pengine kesho asibebe. Na akisimama nisimpige, nitazame kwanza anatazama nini. Alisema punda hakai njiani bure.

Zaidi ya yote alitaka tuwe tunakwenda pamoja, punda wangu akiwa nyuma ya yule mwenye mstari. Tuliungana mwisho wa shamba letu, tunakwenda korongoni, tunarudi, tunaachana pale pale. Jioni niliyofika nyumbani na madumu mawili yamejaa, maji yanalia ndani, mama alikuwa amesimama mlangoni ameshika tumbo. Alicheka mpaka akakaa kizingitini. Akasema huyu punda akizaa tutamlea. Akaniita mkombozi wake mbele ya bibi, na bibi akasema haya, mkombozi, sasa lete na kuni. Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa kumbukumbu nzuri ya mtoto na mnyama. Natamani ningeishia hapa.

Kilichokuja ni kilio. Siku tulizokuwa tukienda na Yeyo, punda wangu alikuwa mpole njia nzima, lakini pale pa kuachana, mwenzake akikata kwenda bomani kwao, alikuwa akiinua kichwa analia. Asiyemjua punda hawezi kuelewa sauti ile. Inaanza kama mtu anayevuta pumzi ya mwisho, kisha inapasuka. Na kama hiyo haikutosha, akaanza kulia na alfajiri, kabla ya adhana, akiwa amefungwa uani. Siku ya kwanza nilitoka mbio. Nikamkuta ameelekea nyumba, masikio mbele, anatazama moja kwa moja dirisha la chumba cha mama.

Ndani nikamsikia bibi akisema, "Audhubillahi mina shaitani rajimi." Chai ilipoiva nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la kawaida, kwamba jogoo akiwika ameona malaika, na punda akilia ameona shetani, ndiyo maana mtu anajikinga kwa Mungu. Hata chuoni, tulikosoma Kurani, mwalimu alishatufundisha hivyo. Bibi hakuwa na nia mbaya. Alisema, akavuta kikombe chake, akaendelea na mambo mengine. Mama alikuwa pembeni anakunja nguo. Alisimamisha mikono kidogo, kisha akaendelea kukunja.

Mimi nilikaa na lile neno siku nzima darasani. Shetani alikuwa akija uani kwetu kila alfajiri. Alikuwa akisimama kwenye dirisha la mama. Kama alikuwa dirishani kwa mama, alikuwa akimtaka nani, kama si yule wa tumboni? Wale wawili wa kwanza walikwenda wapi? Kila kitu kikakaa mahali pake, na hilo ndilo jambo baya la akili ya mtoto, kwamba inaweza kupanga vitu visivyohusiana mpaka vikalingana sawasawa. Nikaona zaidi: kilio kilianza baada ya sisi kuanza kwenda na Yeyo. Kwa hiyo kile kitu kilitoka upande wao. Kilikuwa kikitufuata pale pa kuachana, ndiyo maana punda akawa analia pale.

Leo najua kwamba nyuma ya dirisha la mama, ukipita mashamba mawili na kichaka, ndipo lilipokuwa boma la Yeyo. Punda alikuwa akimwita mwenzake. Nyumba yetu ilikuwa tu imekaa katikati.

Jioni hiyo nilichana ukanda wa kanga kuukuu, nikasubiri bibi aingie kuswali magharibi, nikaenda uani nikamfunga punda mdomo. Niliuzungusha mara tatu juu ya pua na kukaza. Hakunipiga teke. Alikuwa ameshaniamini, alifikiri ni sehemu ya mafundisho. Alfajiri hakulia. Nilisikia tu kifua chake kikijaribu, mkoromo mfupi, kisha kimya. Nikajifunika shuka na nikaona nimefanya jambo kubwa.

Nikaacha pia kwenda na Yeyo. Shule ilifungwa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo nikawa natoka mapema kabla yake, napita njia ya nyuma, ndefu zaidi, ya kwenye miba. Siku ya kwanza punda alikwenda, akigeuka geuka. Siku ya pili alifika nusu ya njia akasimama, akainua kichwa alie, nikamrukia na kumfunga mdomo papo hapo, safari yote. Siku ya tatu akalala chini na madumu yamejaa. Moja likapasuka, maji yakaingia mchangani nikiyatazama. Siku ya nne hakutoka uani. Nilijua tiba yake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikuwa mjinga wa punda tena. Nilijua kwamba nikimpeleka mwisho wa shamba jioni, mwenzake akapita, atakwenda bila hata kusukumwa. Lakini nilikuwa nachagua kati ya maji na shetani, na nilikuwa peke yangu katika kuchagua.

Mama akaniuliza, "Mbona alikuwa anakwenda vizuri?"

Nikamwambia amechoka.

Akanitazama muda mrefu. Kisha akaitoa ngata kwenye msumari. Nilimng'ang'ania kanga, nikamwambia nitaenda mimi mara tatu, mara nne. Akasema pipa limekauka, bibi hajatawadha kwa maji tangu jana, ni ndoo moja tu na atatembea polepole. Akaenda siku hiyo. Akaenda na kesho yake. Akirudi alikuwa akitua ndoo na kusimama ameegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake. Nikawa nakaza zaidi ule ukanda, kwa kuwa kama mama ameshabeba maji, basi angalau kile kingine kisiingie.

Siku ya tatu nilimfuata kwa nyuma na punda, bila mzigo, kwa ile njia tuliyozoea kwenda na Yeyo, nikiomba Mungu ambadilishe punda. Tulikuwa tunarudi, jua limeanza kulainika. Mama alikuwa mbele. Ndoo ilianguka kwanza. Halafu yeye akapiga magoti taratibu, kama anayetaka kuokota kitu, akalala ubavu. Nilipomfikia kanga yake ilikuwa imelowa, nikafikiri ni maji ya ndoo. Yalikuwa na joto.

Aliniambia nisilie, nimlete punda. Nikamleta. Nikamwinua mama kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, akajilaza kifudifudi juu ya gunia, na punda hakusogea. Nikasimama begani kama nilivyofundishwa. Hakusogea. Nikampiga, mimi niliyekuwa nimeiacha fimbo, nikampiga kwa ngumi usoni, na hapo ndipo nilipouona ule ukanda vizuri. Ulikuwa umezama. Juu ya pua ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu, na nzi walikuwa hapo. Nikaufungua. Sikuufungua kwa huruma, naomba nisijisifu. Niliufungua kwa kuwa nilikuwa sina tena la kufanya.

Akalia. Alilia na mama yangu yuko mgongoni, mwili wote ukitikisika, na mimi nikasema audhubillahi nikiwa nimeziba masikio. Na kutoka mbali, ng'ambo ya kichaka, punda mwingine akajibu. Akalia tena, akajibiwa tena, karibu zaidi. Kisha nikamwona Yeyo anakuja mbio ameshika nguo zake juu ya magoti, na yule dume mwenye mstari yuko mbele yake.

Alimgeuza mama akae vizuri, akamshika kiunoni, akamwambia dume wake neno moja, dume akageuka kuelekea zahanati. Punda wangu akamfuata. Hakusita, hakugeuka, hakulia tena. Alikwenda njia ile yote amembeba mama kama anabeba yai, na mimi nikimtazama kwa nyuma nikajua, bila mtu kuniambia, alikuwa akimlilia nani siku zote zile. Nilijua papo hapo, njiani, kabla hata hatujafika. Kwenye lango la zahanati, muuguzi alipokwisha kumwingiza mama, Yeyo akashika kichwa cha punda, akakitazama kile kidonda, akanitazama mimi.

"Ungeniuliza," akasema.

Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume na hakulia hata mara moja. Bibi alimwosha, wakamzika nyuma ya nyumba kwa jembe tulilokuwa tukilimia mahindi. Baba alifika siku ya pili kutoka Korogwe na vumbi la katani nguoni. Nilisubiri aniulize kuhusu punda, nilikuwa nimejiandaa kusema, lakini hakuniuliza kitu. Alinishika kichwa tu. Alidhani nimeshindwa kwa sababu ni mtoto. Baadaye akampeleka punda kwa Yeyo mwenyewe, akakataa kurudishiwa hata mbuzi mmoja. Hakurudi tena kwenye katani. Yeye ndiye aliyebeba maji mpaka mvua zilipokuja, kwa mti begani, ndoo mbele na ndoo nyuma, na wanaume wakamcheka.

Sikumwambia mtu. Niliolewa, nikazaa, nikamzika baba, na sikumwambia mtu. Watoto wangu wakiniuliza kwa nini sikupata mdogo, nilikuwa nasema ni mipango ya Mungu, kisha natafuta kazi ya kufanya.

Wiki iliyopita, baada ya ule wali nilioshindwa kula, sikurudi kwangu. Nilipanda basi mpaka Korogwe, na kesho yake nikapanda Vugiri, ambako mama alirudi kwa ndugu zake baada ya baba kufariki. Nilimkuta nje anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kuchambua naye, na maharage yakiwa mkononi nikamwambia. Nikamwambia kuhusu ukanda, kuhusu njia ya miba, kuhusu dirisha lake. Nikamwambia kwamba punda alikuwa mzima, hakuchoka, na kwamba niliyemuua mwanawe ni mimi.

Mama hakuacha kuchambua.

"Nilikuona," akasema. "Jioni ya kwanza kabisa. Nilikuwa nyuma ya nyumba natawadha, nikakuona unamfunga. Nikajua unachokifanya, maana hata mimi nilikuwa nimemsikia bibi yako. Nikamshukuru Mungu amenipa mtoto mwenye akili."

Nikamuuliza kama basi alijua siku ile nilipodanganya kwamba punda amechoka. Akasema alijua. Alijua pia kwamba akiniambia nimfungue, nirudi kwenda na Yeyo, punda angekwenda na yeye asingebeba maji. Alilifikiria jambo hilo usiku mzima.

"Kati ya ndoo na kile kilio," mama akasema, "mimi niliogopa kilio."